Kusikiliza Kabla ya Kupima: Usemi wa Awali wa Watoto Wenye Kipaji katika Mitaa ya Kariakoo

Utangulizi

Katika taifa letu kipaji cha mtoto hutambuliwa rasmi mara moja, nayo ni pale anapofanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Wale wanaopata alama za juu kabisa huchaguliwa kwenda Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Tabora, Kilakala au Msalato, shule ambazo kwa miaka mingi zimejulikana kuwa za wanafunzi wenye vipaji maalumu. Sina ugomvi na utaratibu huo. Neno langu ni kwamba mtihani humkuta mtoto akiwa amekwisha kutimiza miaka kumi na miwili, kumi na mitatu au zaidi, ilhali kipaji chenyewe kilianza kujidhihirisha katika maneno yake tangu alipokuwa na miaka miwili. Katika muda huo wa katikati mengi huweza kutokea. Mtoto aweza kukutana na mwalimu aliyemsikia. Aweza pia kuandikwa katika daftari la darasa kuwa ni mbishi, mtundu, au mzito wa kusema, na maandishi hayo yakamfuata darasa hadi darasa.

Makala haya yanatokana na miaka niliyofanya kazi ya kuwakagua wanachuo wetu wakati wa mazoezi ya kufundisha katika madarasa ya awali, katikati ya jiji la Dar es Salaam, hususan mitaa ya Kariakoo. Nimekusudia kujadili jambo moja tu: ni alama zipi katika usemi wa mtoto mdogo zinazoweza kumwonyesha mwalimu kwamba mbele yake yuko mtoto mwenye kipaji, na ni kwa njia gani mwalimu mwenye darasa kubwa aweza kuzisikia alama hizo. Nasema "kuzisikia" kwa makusudi, kwani nitadai kwamba njia za kawaida za darasani huupima usemi wa mtoto kabla ya kuusikiliza.

Kuwahi kusema si kipimo pekee

Wazazi wengi, wanapotaka kumsifu mtoto, husema kwamba aliwahi kusema. Dai hilo lina msingi. Mwaka 1921 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Lewis Terman, alianza kuwafuatilia watoto zaidi ya 1,500 wa jimbo la California waliopata alama za juu sana katika majaribio ya akili. Wazazi walipoulizwa juu ya utoto wa watoto hao, ilionekana kwamba kwa wastani walianza kusema miezi michache kabla ya wenzao. Lakini msomaji na aangalie neno "wastani". Wastani hueleza hali ya kundi. Hauwezi kutoa hukumu juu ya mtoto mmoja aliyekaa kwenye mkeka mbele ya mwalimu. Wako waliowahi kusema kisha wakawa watu wa kawaida, na wako waliochelewa kisha wakawashangaza walimu wao. Familia ya Albert Einstein ilisimulia kwamba yeye alichelewa kusema hata wazazi wake wakaingiwa na wasiwasi.

Kadhalika wingi wa maneno si kipimo. Wahenga wamesema debe tupu haliachi kuvuma. Ni kweli, lakini haifuati kwamba kila debe lililo kimya limejaa. Mtoto aliye kimya aweza kuwa na sababu nyingi za ukimya wake, na ya kwanza ambayo mwalimu hana budi kuiondoa ni masikio. Kabla ya kumwita mtoto mzito, au kabla ya kumwita mwenye kipaji kilichofichika, na apelekwe hospitali akapimwe kusikia kwake. Mwalimu wa Dar es Salaam hana udhuru katika jambo hili, kwani Muhimbili iko karibu, na kwa wale ambao masikio yao hayasikii kabisa iko Shule ya Viziwi Buguruni, ambako lugha ya alama huwapa watoto nafasi ya kuonyesha akili zao kama wengine.

Masikio yakiwa mazima, ndipo mwalimu ajiulize, si mtoto anasema maneno mangapi, bali anayafanyia nini maneno aliyo nayo.

Kanuni zilizofichika ndani ya makosa

Lugha yetu ina hazina kubwa kwa mwalimu anayetaka kujibu swali hilo, nayo ni ngeli na viambishi vyake. Kamil Ud Deen, katika kitabu chake cha mwaka 2005 juu ya watoto wanne wa Nairobi wanaojifunza Kiswahili, alionyesha kwamba watoto wadogo huacha mara kwa mara kiambishi cha nafsi au cha njeo, wakasema "takula" mahali pa "nitakula", lakini viambishi wanavyovitamka huviweka mahali pake. Katherine Demuth, aliyewachunguza watoto wa Lesotho katika miaka ya 1980, aliona kwamba mtoto wa lugha ya Kibantu huzishika ngeli na upatanisho wake mapema sana, katika mwaka wa tatu. Maana yake ni kwamba mtoto wa miaka mitatu au minne anayekuja kwetu ni fundi tayari, aliyekwisha kugundua kanuni ambazo watu wazima hujifunza kwa jasho.

Ufundi huo huonekana vizuri zaidi pale anapokosea. Mtoto wa Kariakoo husema "vyupa". Katika Kiswahili sanifu chupa moja ni chupa na chupa kumi ni chupa. Lakini mtoto amesikia chakula na vyakula, chumba na vyumba, chombo na vyombo, akafanya hesabu yake mwenyewe. Hakuna mtu mzima aliyemfundisha aseme hivyo. Mwingine, akitaka taa izimwe, husema, "Washua taa!" Amesikia funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua, panga na pangua, akahitimisha kwamba kinyume cha washa ni washua. Mwalimu anayesikia kosa tu humsahihisha na kuendelea. Mwalimu anayesikia kanuni hutambua kwamba mtoto huyu amefikiri.

Tena, kanuni anayoitumia mtoto ndiyo iliyotumiwa na lugha yenyewe. Kiswahili kilipolipokea neno la Kiarabu "kitabu", ile silabi ya kwanza ilichukuliwa kuwa kiambishi, tukapata vitabu. Madereva wa Dar es Salaam walipoyaona maneno ya Kiingereza yaliyowaamuru washike kushoto kwenye mzunguko wa barabara, waliyageuza kuwa "kipilefti", na mizunguko ikiwa miwili wakasema "vipilefti". Jina la Kariakoo ni la asili hiyo hiyo: kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza kilipiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na jina lake la Kiingereza likasagwa katika vinywa vya wenyeji hata likawa letu. Mtoto anayesema "vyupa" amefanya peke yake, kwa miaka mitatu ya maisha yake, kazi ambayo jamii nzima huifanya kwa vizazi.

Watoto wote wenye afya hufanya hivyo kwa kiasi fulani. Dalili ya kipaji, kwa kadiri nilivyoona, ni pale mtoto anapoanza kuitazama lugha kama kitu cha kuchunguza: anapouliza kwa nini neno liko hivi na si vile, anapotambua kwamba neno moja lina maana mbili, anapobadili usemi wake kwa kujua yule anayesema naye, na anapounganisha sharti na tokeo katika sentensi ndefu ili kumshawishi mtu.

Soko kama shule ya kwanza

Hapana mahali ambapo mambo hayo hufunzwa vizuri kuliko sokoni. Jengo la soko kuu la Kariakoo, lililosanifiwa na Mtanzania Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975, na hata baada ya kuungua moto Julai 2021 biashara ya mitaa inayolizunguka haikukoma. Mtoto aliyelelewa kando ya meza ya mama yake katika Mtaa wa Tandamti, Swahili au Mkunguni husikia kwa siku moja usemi wa aina nyingi. Humsikia dalali, kuli, mpiga debe, ustadhi, mgeni aliyetoka Lubumbashi au Lusaka kununua bidhaa, na bibi wa Kizaramo anayemtania mtani wake wa Kinyamwezi. Hujifunza kwamba "shikamoo" ni kwa huyu na "mambo" ni kwa yule. Kwamba shilingi mia tano ni "jero" mbele ya vijana, bali mbele ya bibi ni mia tano. Hujifunza vipimo, yaani fungu, sado, debe, tenga na gunia, kabla hajajua kuandika moja.

Zamani somo hilo la mchana lilikamilishwa usiku nyumbani. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo ilikuwa na vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, na nyuma yake uani palipokuwa na jiko, kisima au bomba, na wanawake wa familia mbalimbali waliopika pamoja. Uani ndipo palipotegwa vitendawili na kusimuliwa hadithi, na ndipo mtoto alipopata wasikilizaji wengi wasiomwonea haraka. Leo nyumba nyingi za namna hiyo zimebomolewa, na mahali pake pamesimama maghorofa ya maduka na maghala. Mtoto wa ghorofani hufungiwa ndani ya geti la chuma pamoja na televisheni, ambayo humsemesha kutwa lakini haimsikilizi hata mara moja. Ndiyo maana naona kwamba kazi iliyofanywa na uani sasa imeliangukia darasa la awali, litake lisitake.

Jambo moja la sokoni ni la muhimu mno kwa mjadala wetu. Sokoni mtu huuliza swali kwa sababu hajui jibu. "Bei gani?" "Yametoka wapi haya?" "Una chenji?" Hayo ni maswali ya kweli, na anayejibu ameombwa msaada. Darasani mambo hugeuka. Mwalimu huinua nyanya juu na kuuliza, "Hii ni nini?" hali anaijua. Watoto wengi huuzoea mchezo huo kwa siku chache, wakaitikia kwa pamoja. Lakini mtoto mwenye akili pevu aweza kuliona swali hilo kuwa ni la ajabu, au kuwa ni mtego, akanyamaza.

Mtoto aliyeandikwa "mzito wa kusema"

Mwaka mmoja nilimkagua mwanachuo aliyepangiwa darasa la awali katika shule moja ya katikati ya jiji. Darasa lilikuwa na watoto 94 na mwalimu mmoja, ilhali kiwango kilichowekwa kwa madarasa hayo ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Miongoni mwao alikuwamo mtoto wa kike wa miaka minne na nusu, binti wa mama muuza nyanya. Katika daftari la mwalimu wa darasa aliandikwa: "Mzito wa kusema. Hajui majina ya vitu." Barua ilikwisha kuandaliwa ya kumwita mama yake, ili aambiwe amwondoe mtoto, akae nyumbani mwaka mmoja zaidi, au apelekwe katika kitengo cha watoto wenye upungufu wa akili.

Nilimwomba mwalimu mkuu barua hiyo ingoje kwa muda wa wiki mbili, naye akakubali. Kisha nikampa mwanachuo kazi isiyokuwa katika ratiba yake: kwa asubuhi tatu za mwisho wa juma akae kando ya meza ya yule mama na kuandika kila anachokisema mtoto, bila kumhoji. Alipokwenda mara ya kwanza na kumwamkia, mama yule alicheka aliposikia sababu ya ujio wake. "Marahaba mwanangu," alimwambia. "Huyu hasemi? Huyu hunichosha kwa kusema! Kaa hapo umsikilize."

Kurasa nne za daftari zilijaa. Nitataja machache. Mteja alipotaka kulichukua fungu kubwa kwa bei ya dogo, mtoto alimwambia, "Hilo la buku, kaka. La jero lile pale." Muda si mrefu bibi yake alipouliza, alimjibu, "Bibi, amenunua la mia tano." Mdogo wake alipolia, alimwambia, "Ukilia, mama ataacha kuuza. Akiacha kuuza, hatuli." Mvua ilipotishia alisema, "Ikinyesha hawatanunua nyanya, ila miamvuli." Zilikuwamo "vyupa" zake, na taa ya dukani iliyokuwa "imewashuliwa". Na asubuhi ya pili, baada ya kuyatazama kwa kitambo mafungu ya nyanya yaliyopangwa juu ya gunia, aliuliza, "Mama, mbona fungu halikufungwa?"

Naomba msomaji alitazame swali hilo kwa makini. Mtoto ambaye hajafika miaka mitano amelisikia neno "fungu" ndani yake mna "funga". Ametazama kitu chenyewe akaona nyanya tano zilizorundikwa bila kamba wala mfuko. Amelinganisha neno na kitu, akaona havipatani, akataka maelezo. Hiyo ndiyo kazi ya mwanaisimu. Mtoto huyo ndiye aliyeandikwa kwamba hajui majina ya vitu.

Mwanachuo alipomuuliza baadaye, wakiwa wawili tu, kwa nini haitikii mwalimu anapoonyesha nyanya, mtoto alimjibu kwa mshangao, "Mwalimu si anaijua?"

Juma lililofuata tulibadili swali badala ya kumbadili mtoto. Mwanachuo alileta kapu lililofunikwa kwa kanga, ambalo mwenzake alikuwa amelitia vitu, kiasi kwamba yeye mwenyewe hakujua kilichomo. Mtoto mmoja hutia mkono ndani, akapapasa, kisha akawaeleza wengine bila kulitaja jina, nao wakabahatisha. Zamu ya binti wa muuza nyanya ilipofika alisema, "Ni kigumu nje. Ndani kina maji. Ukikipasua bila kunywa, bibi atagomba." Darasa zima likapiga kelele, "Dafu!" Barua haikutumwa. Sikuona kwamba mtoto alibadilika. Siku za majaribio aliendelea kunyamaza mbele ya maswali yasiyo na haja ya kuulizwa. Kilichobadilika ni maandishi ya daftari, na kwa mtoto wa umri huo maandishi ya daftari ni nusu ya mustakabali wake.

Mwisho wa mwaka ule nyumba waliyopanga iliuzwa ili ijengwe ghorofa, nayo familia ikahamia upande wa Mbagala. Mama alizichukua kurasa zile nne, akazikunja ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na cheti cha kuzaliwa, ili amkabidhi mwalimu wa huko.

Njia za kufundishia

Kutokana na hayo napendekeza mambo matano ambayo mwanachuo yeyote aweza kuyafanya bila gharama.

Kwanza, maswali ya kweli. Katika kila kipindi na yawepo maswali machache ambayo mwalimu hana jibu lake: mtoto amekuja kwa njia gani, nani aliyemsuka nywele, kilichomo kapuni ni nini. Mchezo wa kapu niliouelezea hufaa hata katika darasa la watoto 90, kwani anayesema ni mmoja na wanaofikiri ni wote.

Pili, daftari la usemi. Mwalimu hawezi kuwaandika watoto wote kila siku. Lakini akiwachagua watoto watatu kwa siku, na kuandika sentensi moja tu ya kila mmoja, kama ilivyotamkwa na bila kuisahihisha, basi katika majuma saba hivi atakuwa amewapitia watoto mia. Sentensi na ziandikwe mahali mtoto alipo huru: chini ya mwembe, kwenye foleni ya uji, kwenye mchezo wa rede.

Tatu, viumbe wasio na majina. Mwaka 1958 Jean Berko wa Marekani aliwaonyesha watoto picha ya kiumbe cha kubuni, akakipa jina la kubuni, kisha akawaonyesha viwili na kuwaachia watoto wataje wingi wake. Kwa kuwa neno halikupata kusikika duniani, mtoto hakuweza kukariri. Alilazimika kuitumia kanuni. Kiswahili hukubali jaribio hilo kwa utajiri zaidi. Chora mtu wa ajabu ukasema, "Tazama mdopo!" Kisha chora wengi ukanyamaza. Mtoto atasema "wadopo". Kwa kundi jingine chora mti wa ajabu, ulipe jina lile lile, watasema "midopo". Mwalimu asianze kwa "huyu" wala "huu", kwani atakuwa amekwisha kuwapa jibu. Halafu chora mnyama uitwe "kidopo", usikilize kama mtoto atasema vidopo vimelala au vidopo wamelala. Yule anayesema "wamelala" ameelewa kwamba uhai hushinda umbo la neno. Huu na uwe mchezo, usiwe mtihani wenye alama.

Nne, kuwahoji wazazi. Kuna dhana kwamba mzazi asiyesoma hawezi kueleza maendeleo ya mwanawe. Utafiti uliofanywa Kilifi, Kenya, na Katie Alcock na wenzake, uliochapishwa mwaka 2015, ulitumia wazazi wasiojua kusoma kuwa ndio mashahidi wa maneno ya watoto wao katika Kiswahili na Kigiriama. Waliulizwa kwa mdomo, na taarifa zao zikafaa. Mama wa sokoni anajua maneno ya mwanawe kama anavyojua bei zake. Aulizwe.

Tano, kupima baada ya kufundisha. Robert Sternberg na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, waliwapa watoto wa shule za Bagamoyo majaribio ya kufikiri, kisha wakawapa mafundisho mafupi juu ya namna ya kuyakabili, kisha wakawapima tena. Alama zilipanda. Somo lake kwetu ni kwamba alama ya kwanza mara nyingi huonyesha kama mtoto ameuelewa mchezo wa mwalimu, si uwezo wake wote. Ikiwa hivyo ndivyo kwa watoto wa miaka kumi na zaidi, sembuse kwa mtoto wa miaka minne?

Sina budi kugusa na suala la Kiingereza. Mzazi mwenye uwezo kidogo akimwona mwanawe amewahi kusema, fikira yake ya kwanza ni kumtoa na kumpeleka shule inayofundisha kwa Kiingereza. Simlaumu, maana anautazama mtihani wa kesho na ajira ya keshokutwa. Lakini swali la "mbona fungu halikufungwa" haliwezi kuulizwa na mtoto katika lugha ambayo maneno yake bado ni sauti tupu kwake. Mtoto na ajifunze lugha ya pili, hata ya tatu. Watoto wa pwani wamefanya hivyo tangu kale. Kinachodhuru ni kumkataza ya kwanza mlangoni, katika umri ule ule anapoanza kuichungulia ndani yake.

Hitimisho

Elimu ya awali iliingizwa rasmi katika mfumo wetu na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995, na sera ya mwaka 2014 ikaifanya kuwa ya lazima. Kwa hiyo takriban kila mtoto wa Kariakoo, awe wa ghorofani au wa kando ya meza ya nyanya, anatarajiwa kupita mikononi mwa mwalimu kabla ya kutimiza miaka sita. Hilo ni jambo kubwa. Shule za vipaji maalumu zitaendelea kuwapokea watakaofika. Lakini ni mwalimu wa darasa la awali anayeamua, kwa sentensi fupi ya daftari lake, ni nani atakayekuwa amefika.

Napendekeza basi kwamba vyuo vyetu viliweke daftari la usemi kuwa sehemu ya mazoezi ya kufundisha, na kwamba kila mtoto anapohama, kurasa zake zihame pamoja naye. Jiji hili huhamisha watu kila siku: leo Gerezani, kesho Mbagala, keshokutwa Chanika. Mtoto hawezi kuanza upya kueleweka kila anapobadili mtaa. Ni matumaini yangu kwamba walimu wenzangu watayajaribu haya katika madarasa yao, wayasahihishe pale yanapopungua, na watuandikie katika kurasa hizi yale watakayokuwa wameyasikia.